Maswali ya Wasomaji: Bomba Likikauka Shuleni

Kwa kawaida ukurasa huu huchanganya maswali ya kila aina. Safari hii mengine yote yatasubiri, kwa sababu barua sita kutoka Arusha na Moshi zinauliza karibu jambo moja: maji yakikatika, watoto wanywe nini, na tutajuaje kuwa hayawadhuru? Barua tumezifupisha na majina ya shule tumeyaacha.

Kijiko cha nani?

*Shule yetu ni ya kutwa, ina wanafunzi 640 na tanki moja la plastiki la lita 5,000. Maji hukatika siku tatu hadi nne. Kila mwalimu wa zamu anatia klorini ya unga kwa kijiko chake. Asubuhi watoto wanakunja uso kwa harufu, mchana harufu haipo kabisa. Tunakosea wapi?* (Mwalimu wa afya, Muriet, Arusha)

Mwalimu, hiyo harufu ya asubuhi inayopotea mchana inaonyesha kuwa dawa inaingia tankini lakini haichanganyiki. Maji yaliyokolea klorini ni mazito kidogo kuliko mengine, kwa hiyo yanazama, na bomba la kuchotea liko chini. Wanaowahi foleni wanapata dawa ya tanki zima, wanaochelewa wanapata maji yaliyolala siku tatu bila kitu. Mkiongeza kijiko, wale wa asubuhi wataumia koo na wale wa mchana watabaki palepale.

Kabla ya dawa, pigeni hesabu ya maji yenyewe. Shirika la Afya Duniani linataja lita 5 kwa mtu kwa siku kwa shule ya kutwa, kunywa na kunawa humohumo. Kwa watoto 640 hizo ni lita 3,200, na walimu hawajahesabiwa. Tanki lenu halimalizi siku mbili. Lakini ya kunywa peke yake, kwa lita moja kila mtoto, ni lita 640 kwa siku, yaani lita 2,560 kwa siku nne. Kwa hiyo siku maji yanapokatika, fungeni koki zote zinazokwenda vyooni na kwenye bustani, na nusu ya chini ya tanki na kidogo zaidi iwe ya kunywa tu. Kudeki na vyoo vitafutiwe maji mengine, hata ya mtaroni.

Sasa klorini. Kijiko kiache stoo. Tafuteni mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu moja moja, na bomba la sindano la mililita 5 au 10 lisilo na sindano, la duka la dawa. Someni kwenye kopo nguvu ya unga: mara nyingi ni asilimia 65 hadi 70. Pimeni gramu 15 za unga wa asilimia 70 (gramu 16 kama ni 65), mtie ndani ya lita moja ya maji masafi kwenye chombo cha plastiki, mkoroge kwa mti au plastiki, mwache itulie. Hiyo ni dawa mama ya asilimia 1. Chini itabaki chokaa nyeupe. Msiimimine, huziba koki. Tumieni maji ya juu yaliyo maangavu.

Lita moja ya dawa mama inatosha lita 5,000 za maji angavu, na inatoa miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Mililita 200 ni za lita 1,000, mililita 4 ni za ndoo ya lita 20. Pimeni maji yaliyomo, siyo ukubwa ulioandikwa ubavuni. Tanki likiwa nusu, weka nusu lita. Makosa mengi ya kuzidisha dawa hutokea hapa: mtu anasoma 5,000 kwenye lebo wakati ndani zimebaki lita 1,500.

Namna ya kuimimina ni muhimu sawa na kipimo. Njia nzuri ni kuiweka wakati tanki linajaa, theluthi moja maji yakiwa robo, theluthi nyingine yakifika nusu, na ya mwisho yakikaribia kujaa, ili maji yanayoingia yafanye kazi ya kukoroga. Tanki likiwa limeshajaa, gawanya dawa mara tatu na ukoroge kwa mti mrefu msafi unaotumika kwa kazi hiyo tu, kisha fungua bomba la chini, toa ndoo mbili na uzirudishe juu. Halafu subirini dakika 30. Mwalimu wa zamu akiweka dawa saa 12 asubuhi, saa 1 watoto wanaweza kunywa.

Mtajuaje kuwa imetosha? Pua haiaminiki. Tafuteni kipima klorini cha vidonge vya DPD, kilekile kinachotumiwa kwenye mabwawa ya kuogelea. Jaza kichupa, dondosha kidonge namba 1 bila kukishika kwa vidole, kitikise mpaka kiyeyuke, kisha linganisha rangi ya waridi na vivuli vilivyo pembeni. Baada ya nusu saa mnatafuta walau miligramu 0.5 kwa lita. Saa 8 mchana, kwenye ndoo ya darasani, isiwe chini ya 0.2. Kipimo cha matone kinachogeuza maji kuwa njano ni cha bei nafuu, ila kinahesabu na klorini iliyokwisha kufungwa na uchafu, hivyo kinaweza kukuambia kuna ulinzi wakati haupo.

Maji yakibadilika chanzo au yakiwa na ukungu kidogo, lita moja kwa tanki inaweza isitoshe. Hapo msikisie. Chukueni ndoo nne za plastiki zenye lita 20 kila moja za maji hayohayo, mtie dawa mama mililita 2, 4, 6 na 8. Baada ya dakika 30 pimeni zote. Ndoo ya kipimo kidogo kabisa inayofika 0.5 ndiyo dozi yenu: ikiwa ni ile ya mililita 6, tanki zima linahitaji lita moja na nusu. Ikiwa hata ndoo ya mililita 8 haifiki, tatizo lenu ni uchafu, na unga hautalimaliza. Tulizeni maji, yachujeni kwa kitambaa kizito, ndipo mrudi kwenye dawa.

Unga wenyewe nao huzeeka. Kopo lililofunguliwa na kuachwa kwenye stoo yenye joto hupoteza nguvu kimyakimya. Uwekwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kukaza, pakavu, mbali na mafuta, dizeli na vyuma. Dawa mama itengenezwe ya wiki moja tu na ikae kwenye kivuli. Na siku zote unga ndio utiwe ndani ya maji. Anayemwagia maji juu ya unga anajitafutia kuungua macho. Msiuchanganye na dawa ya choo wala na klorini ya aina nyingine: hewa inayotoka inaweza kuua, na klorini za aina mbili zikikutana zinaweza kulipuka.

Maji ya kwanza yakirudi

*Mwanangu yuko darasa la pili. Anasema maji yakirudi huwa mekundu kama udongo, na watoto wanayanywa hivyohivyo kwenye koki kwa sababu "ni ya bomba". Je, hayo si yameshawekewa dawa na mamlaka?* (Mama wa mtoto, Pasua, Moshi)

Yamewekewa, mama, lakini yanapofika kwenu dawa hiyo inaweza kuwa imekwisha njiani. Mwanao amegusa saa mbaya kuliko zote. Watu huogopa siku za ukame wa bomba, wakati hatari kubwa iko kwenye dakika za kwanza za maji kurudi.

Bomba likiwa na maji muda wote, msukumo wa ndani hutoa maji nje kwenye kila ufa, basi uchafu hauna njia ya kuingia. Maji yakikatika, msukumo unakufa, na pale bomba linapoteremka mlima maji yaliyobaki huvuta kama mrija. Ufa uliokuwa unavuja sasa unanyonya: maji ya mtaro, ya shimo la choo lililo karibu, ya dimbwi la kuoshea magari. Siku ya kurudi, mkondo unakuja kwa nguvu na kung'oa kutu na tope lililoganda ndani ya bomba. Ule wekundu ni kutu na udongo. Kwa wenyewe hauui, ila unakula klorini na kuvificha vijidudu.

Mwombe fundi wa shule aweke njia ya kumwaga kabla ya tanki. Vifaa ni vichache: tii moja ya ukubwa wa bomba lenu (mara nyingi robo tatu ya inchi), geti valvu mbili, nipo, yunioni na tepu ya nyuzi. Valvu moja ielekee tankini, nyingine ielekee nje, mahali pa chini kabisa baada ya mita. Maji yakikatika, ya tankini inafungwa. Yakirudi, inafunguliwa ya nje tu. Kinga maji kwenye chupa angavu ya plastiki, iinue kwenye mwanga. Yakiwa hayana rangi wala chembe, yaache yatoke dakika tano zaidi, ndipo ufungue ya tankini. Maji yaliyomwagika yaende vyooni na kwenye miche, hayapotei. Pale bomba linapoingia tankini pawe na valvu isiyorudisha maji nyuma, na mdomo wa bomba uwe juu ya usawa wa maji, usizame.

Jambo moja dogo linalosahaulika: ule mpira uliochomekwa kwenye koki na ncha yake ikaachwa ndani ya ndoo ya kudekia. Msukumo ukifa, maji ya kudekia yanapanda mpira na kuingia kwenye bomba la watoto. Mpira uchomolewe kila baada ya kazi.

Shule ikikosa hiyo tii, basi angalau koki za kunywea zifungwe kwa kamba siku maji yanaporudi mpaka mwalimu aseme ziko tayari.

Kuchemsha na meno ya kahawia

*Bomba likikatika tunachota kisima cha jirani. Wazee wanasema kina floraidi. Mpishi wetu anayachemsha sana, karibu saa nzima, ili iishe. Kamati imegawanyika: wengine wanataka kisima kifungwe kabisa.* (Mjumbe wa kamati ya shule, Maji ya Chai)

Ndugu mjumbe, mpishi wenu ana nia njema na anaongeza tatizo. Floraidi ni chumvi iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Haiungui wala haipai na mvuke. Kinachopaa ni maji. Sufuria ya lita 100 yenye miligramu 2 kwa lita, ikichemka mpaka zibaki lita 80, inabaki na miligramu 2.5 kwa lita. Klorini nayo haiigusi, wala kitambaa, wala mishumaa ya kawaida ya kuchujia. Eneo lenu linalijua hili kuliko vitabu: jina la Maji ya Chai lilitokana na rangi ya maji ya mto wake. Lakini rangi na floraidi ni vitu viwili. Maji meupe pee yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na ulimi hautakuambia.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu vyanzo vingi vya ukanda huu vingefungwa vyote. Leo kiwango chetu nacho ni 1.5.

Kamati isichanganye hatari za aina mbili. Kijidudu cha kipindupindu au cha kuhara kinamlaza mtoto leo jioni. Floraidi hufanya kazi kwa miezi na miaka: inaharibu meno yanapojijenga ndani ya ufizi, hasa kabla ya umri wa miaka minane, na kwa viwango vikubwa kwa muda mrefu inakaza mifupa. Kisima chenye floraidi iliyozidi kidogo, kikinywewa siku nne na kutiwa klorini, ni afadhali mara nyingi kuliko maji ya mfereji. Kikigeuka kuwa chanzo cha kila siku kwa muhula mzima, hapo kamati ina haki ya kupiga meza. Kwa hiyo kisifungwe. Kipimwe, kiandikwe namba yake, na kitumike kwa siku za dharura tu.

Sampuli ichukuliwe kwenye chupa ya plastiki, siyo ya kioo, maana kioo huathiri kipimo cha floraidi. Isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, ijazwe lita moja, iandikwe tarehe na mahali, ipelekwe maabara ya maji. Rudieni kiangazi na masika, kwani kisima kimoja huweza kubadilika.

Mkishaijua namba, njia rahisi kuliko zote ni kuchanganya. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Kisima kikiwa na miligramu 3, ndoo moja ya kisima kwa ndoo mbili za mvua inatoa 1 kwa lita. Ndoo kwa ndoo inatoa 1.5, yaani mko ukingoni. Hii ndiyo sababu tunasema maji ya mvua ya shule za Meru ni ya kunywa na uji tu. Kuyafulia ni israfu.

Njia ya pili ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Punje nzuri ni nyeusi, ngumu, haina mafuta wala harufu. Mifupa iliyochomwa kidogo hutoa punje za kahawia na maji yenye ladha ya mchuzi. Iliyochomwa kupita kiasi inakuwa nyeupe kama chokaa na haishiki floraidi tena. (Wazazi watauliza ni mifupa ya mnyama gani. Wana haki ya kuuliza, na mwuzaji awe na jibu.) Arusha pia ndiko Dkt. Askwar Hilonga alikobuni kichujio cha mchanga na chembe za nano kilichopata tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Vyote viwili vina udhaifu mmoja: vikishiba floraidi havitoi dalili. Maji yanaendelea kutoka maangavu na matamu, na floraidi inapita yote. Shule isiyo na fedha ya kupima na kubadilisha vichujio isinunue.

Na muulizeni mpishi kuhusu magadi kwenye makande. Magadi ya ukanda huu mara nyingi yana floraidi nyingi. Kuloweka mahindi na maharage usiku kucha kunaokoa kuni na meno kwa pamoja.

Boza limefika getini

*Tuna bweni la wasichana 300. Maji yakikatika tunanunua boza la lita 10,000. Nimwulize nini dereva kabla hajafungua mpira?* (Mkuu wa shule, Moshi Vijijini)

Mkuu, kwanza bweni linahitaji kama lita 20 kwa mtoto kwa siku, kwa hiyo boza hilo ni la siku moja na nusu hivi. Panga manunuzi kwa hesabu hiyo.

Dereva aulizwe alikojaza na aonyeshe risiti ya siku hiyohiyo. Boza la maji ya kunywa lisiwe lilelile linalonyonya vyoo au kubeba mafuta. Fungua mfuniko wa juu unuse, na umulike ndani kwa tochi. Kinga maji kwenye kichupa ukiwa umesimama pale, weka kidonge cha DPD. Ukisoma 0.5 au zaidi, shusha. Ukisoma sifuri, hiyo si lazima iwe sababu ya kumfukuza, ila bei ijadiliwe upya na wewe uweke dawa mama mililita 200 kwa kila lita 1,000 wakati yanaingia tankini. Maji yakiwa na tope, arudi nayo.

Kisha tazama mpira. Dereva huuvuta kutoka kwenye lori, ncha ikaburuzwa kwenye vumbi na samadi ya uani, kisha ikatumbukizwa tankini. Weka ndoo ya maji yenye klorini pale getini, nusu lita ya dawa mama kwa lita 10 za maji, ncha isuguliwe humo kabla ya kuinuliwa. Mpira uishie juu ya usawa wa maji.

Maji ya mtoni au ya mfereji yaliyopakiwa kwenye boza yana tatizo la ziada: kuna vijidudu vyenye ganda gumu ambavyo klorini ya kawaida haiviui. Hayo yatulizwe, yachujwe na yachemshwe, siyo dawa peke yake.

Bati na pipa

*Tumepata fedha za mifereji ya bati na tanki. Maji ya mvua ya kwanza yaelekezwe wapi? Fundi ametuwekea kipande cha bomba la inchi nne chenye mfuniko, urefu wa mita mbili.* (Mwalimu, Usa River)

Hicho kipande ni kidogo mno. Bomba la inchi nne linabeba kama lita nane kwa mita, basi mita mbili ni lita 16 au 17. Jengo la madarasa matatu lina paa la karibu mita za mraba 190. Milimita moja tu ya mvua juu yake ni lita 190, na ni hiyo milimita ya kwanza inayoosha vinyesi vya ndege, vumbi na majani. Bomba la fundi linajaa mara moja, halafu uchafu uliobaki wote unaelekea tankini.

Weka pipa la lita 200 kabla ya tanki. Maji ya bati yanaingia pipani kwanza. Likijaa, boya linaziba mdomo, na ndipo maji yanavuka kwenda tankini. Chini ya pipa weka koki ndogo iliyoachwa wazi kidogo sana, idondoke, ili baada ya siku moja liwe tupu likisubiri mvua nyingine. Hiyo koki huziba kwa majani, na ikiziba mfumo mzima haufanyi kazi. Kila Ijumaa mtu aichokonoe. Mdomo wa tanki na bomba la kumwagia maji ya ziada viwe na wavu wa mbu.

Mifereji ifagiliwe mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na Oktoba kabla ya vuli. Tawi la mti linaloning'inia juu ya bati likatwe, maana ndipo ndege hulala. Maji haya nayo yanatiwa klorini siku ya kunywewa. Kutoka mawinguni hakumaanishi yamepita mahali pasafi.

Mafupi mafupi

*Jiki ya kufulia inafaa klorini ikikosekana?* (Mzazi, Sakina, Arusha)

Inafaa ikiwa ni ile ya kawaida, asilimia 3.5, isiyo na manukato, rangi wala uzito wa uji. Mililita 60 kwa lita 1,000. Kwa ndoo ya lita 20 ni mililita 1.2 kwa bomba la sindano. Kofia ya chupa si kipimo. Chupa iliyokaa dirishani miezi mingi imepungua nguvu, kwa hiyo pima baada ya nusu saa. Vidonge vya klorini vya miligramu 67 ni rahisi zaidi darasani: kimoja kwa ndoo ya lita 20 ya maji angavu.

Mzazi huyo anauliza pia kuchemsha ni dakika ngapi. Moja, tangu maji yanapotibuka sawasawa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, ambazo zinatosha kabisa kuua vijidudu. Mpishi anayesubiri dakika 20 anachoma kuni tu. Kinachoharibu maji ya kuchemsha ni kumiminwa kwenye ndoo isiyooshwa na kupoa bila mfuniko, kwa kuwa hayana klorini ya kuyalinda tena. Chupa ya plastiki angavu ya lita moja na nusu ikilala juu ya bati juani saa sita nayo inafanya kazi, ikiwa maji hayana ukungu. Iweke juu ya gazeti na utazame kupitia mdomo wake, ukisoma vichwa vya habari ni sawa. Juni na Julai, wingu likiziba mlima kutwa nzima, acha chupa siku mbili au tafuta njia nyingine.

Na ndoo ya darasani? Iwe na mfuniko unaobana na koki, ikae juu ya kigoda, kata isiwemo. Kata ndiyo inayobeba mikono ya watoto 50 hadi ndani ya maji mliyoyapima kwa gramu. Kila mtoto aje na kikombe au chupa yake. Maji ya jana yamwagwe kwenye ndoo ya kudekia, ndoo isuuzwe, ndipo ya leo yatiwe. Wengi hujaza juu ya yale yaliyobaki, na ule utelezi wa kijani unaoota nyuma ya koki huanzia hapo. Ijumaa koki ifunguliwe, isuguliwe kwa mswaki wa zamani na sabuni.

Kuhusu kuosha tanki: fanyeni likizo, kwa kuwa kazi kamili inahitaji maji mengi. Toeni mashapo, sugueni, jazeni robo, tieni gramu 80 za unga kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tanki (gramu 400 kwa lita 5,000), jazeni kabisa, funikeni saa 24, kisha mwage mbali na mto na bwawa la samaki, na msuuze. Kukiwa na mgawo wa maji, sugueni kuta kwa brashi ya mpini mrefu na lita 10 za maji yaliyotiwa lita moja ya dawa mama, mwache nusu saa, msuuze. Mtu asiingie ndani na dawa. Mwanafunzi asiingie kamwe, hata akiwa ndiye pekee anayepita mdomoni mwa tanki.